Nilichojifunza kwa Kuhifadhi Sanaa ya Kisasa Pamoja na Wengine

Nimefanya kazi ya uhifadhi katika makumbusho kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima, na jambo ambalo ningependa kila anayeingia katika kazi hii alijue mapema ni kwamba sanaa ya kisasa haihifadhiwi na mhifadhi peke yake. Sisemi tu kwamba ushirikiano ni jambo jema, kama tunavyoambiana katika kila semina. Ninasema kwamba uamuzi mzito kuliko yote, yaani uamuzi wa ni kitu gani hasa kinachopaswa kuhifadhiwa, hauwezi kufanywa na mtu mmoja aliyevaa koti jeupe na kuinamia darubini, kwa sababu jibu lake limetawanyika katika vichwa vya watu wengi: msanii, mratibu wa maonyesho, fundi umeme, mkemia, msajili wa makusanyo, mwanasheria, na mara nyingine mlinzi aliyekaa ukumbini na kazi hiyo kwa miaka mingi hadi akawa wa kwanza kutambua kwamba mlio wa mota umebadilika.

Mafunzo yangu ya kwanza yalihusu michoro ya rangi za mafuta na sanamu za mbao. Katika fani hiyo msanii kwa kawaida amekwisha kufariki zamani, vifaa alivyotumia vimechunguzwa na vizazi kadhaa vya wataalamu, na kila mtu ndani ya jengo anakubali bila mjadala kwamba kazi ya sanaa ni kile kitu kilichopo mbele yetu: mbao hizi, kitambaa hiki, rangi hii iliyopakwa na mkono ule. Mhifadhi hupunguza kasi ya uharibifu na, inapobidi, hurekebisha kwa namna ambayo mwingine ataweza kuiondoa baadaye bila kuidhuru kazi yenyewe. Nilipohamia kwenye makusanyo ya kisasa nilikuta sponji, mpira, taa, mikanda ya video, programu za kompyuta, maelekezo yaliyoandikwa kwenye karatasi moja, na kazi ambazo hazikuwa na kitu chochote cha kushikika. Kanuni nilizofundishwa hazikuwa na kosa, ila zilijibu swali ambalo hapa lilikuwa bado halijaulizwa.

Chukua mfano wa kazi ya Felix Gonzalez-Torres ya mwaka 1991 iitwayo "Untitled" (Portrait of Ross in L.A.). Ni rundo la peremende zilizofungwa kwa karatasi za rangi, lenye uzito uliokusudiwa wa ratili 175, yaani takriban kilo 79, na watazamaji wanaruhusiwa kuzichukua. Mhifadhi akiziweka peremende zile katika sanduku lisilopitisha hewa, atakuwa ameua kazi huku akitunza sukari. Kinachohitaji kulindwa ni ruhusa ya mtazamaji kuchukua, wajibu wa makumbusho kuamua lini na kwa kiasi gani rundo lijazwe tena, na uelewa wa sababu ya mambo hayo yote. Ulinzi wa namna hiyo humhitaji mratibu anayeifahamu maana, msajili anayeushika mkataba, mtu wa manunuzi anayetafuta peremende, na mlinzi ambaye hatamkemea mtoto anayenyosha mkono.

Ushirikiano nilianza kuuelewa kwa undani kupitia sanamu moja ya sponji. Ilikuwa imenunuliwa na makumbusho niliyofanyia kazi miongo kadhaa kabla yangu, na mratibu alitaka ionyeshwe katika maonyesho makubwa yaliyokuwa yakikaribia. Ilipotolewa ghalani ilikuwa imegeuka rangi ya manjano upande mmoja, na kila ilipoguswa ilidondosha unga. Watu waliokutana kuizungumzia walikuja kila mmoja na jina lake la tatizo. Mratibu aliona rangi iliyopotea, fundi wa kupanga maonyesho aliona kitu kisichobebeka, mimi niliona nyenzo iliyokuwa inavunjika kutoka ndani, na msajili aliona kazi iliyokwisha kuahidiwa kwa maandishi.

Mkemia wa chuo kikuu jirani ndiye aliyetupa msingi wa kuzungumza lugha moja. Sponji ya poliurethani ipo ya aina kuu mbili ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini adui zake ni tofauti: aina ya esta huvunjwa zaidi na unyevu, ilhali aina ya etha huvunjwa zaidi na mwanga pamoja na oksijeni. Kipimo cha miale ya infraredi, kilichohitaji chembe ndogo kuliko punje ya mchanga, kilionyesha kwamba yetu ilikuwa ya etha. Tangu hapo mjadala wa kukausha hewa ya ghala, ambao ulikuwa umechukua vikao kadhaa na kutishia kula bajeti, ulipoteza uzito, na mazungumzo yakahamia kwenye mwanga. Kwa aina hiyo ya sponji kulikuwa tayari na utafiti wa wahifadhi wa nchi nyingine juu ya dawa ya kuimarisha iitwayo Impranil DLV, ambayo hunyunyizwa kama ukungu mwembamba ili kushikamanisha kuta za vishimo vya sponji bila kuvijaza. Utafiti wa plastiki katika makumbusho ulikuwa umepiga hatua kubwa barani Ulaya kupitia mradi wa POPART uliofanyika kati ya mwaka 2008 na 2012, na nilifaidika na kazi za watu ambao sikuwahi kuwaona.

Lakini hakuna mhifadhi mwenye busara anayejaribu dawa kwa mara ya kwanza juu ya kazi yenyewe. Hapo ndipo msajili alipofanya jambo ambalo hadi leo nalitaja kila ninapowafundisha vijana. Aliirudia barua ya zamani katika jalada la ununuzi na kuona mstari mmoja unaosema kwamba studio ya msanii ilituma pia vipande vya ziada vya sponji ileile. Vipande hivyo vilipatikana katika kasha ambalo kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa ni la vifungashio. Vilikuwa na umri uleule, vilitoka kiwandani pamoja, na vilikuwa vimezeeka kwa njia ileile. Tulijaribu juu yake viwango mbalimbali vya dawa, tukavipima kwa mwanga mkali, na tukajua kwa uhakika mahali ambapo sponji ingeanza kuwa ngumu. Ujuzi huo wote ulisimama juu ya mstari mmoja wa barua ambao mtu wa maabara asingeusoma kamwe.

Msanii alikuwa bado hai, na alipoulizwa jibu lake halikumfurahisha mratibu. Alisema kuwa rangi ya manjano haimsumbui hata kidogo, kwani alijua tangu mwanzo kwamba sponji hubadilika. Kisichokubalika kwake ni kingo kuwa ngumu, kwa sababu ulaini wa kingo ndio uliokuwa kiini cha alichotaka kusema. Mratibu aliamini kwamba rangi ya awali ilikuwa sehemu ya historia ya kazi, na alikuwa na picha za maonyesho ya kwanza za kuunga mkono hoja yake. Mwishowe tuliimarisha sehemu zilizokuwa zikidondoka tu, tukaacha rangi ilivyo, tukapunguza mwanga na muda wa kuonyeshwa, na tukaandika katika ripoti ya hali ya kazi kwamba makubaliano hayo hayakuwa ya wote. Ninaona jambo hilo la mwisho kuwa la thamani kuliko matibabu yenyewe. Ripoti zinazoandikwa kana kwamba kila mtu alikubaliana huwanyima wahifadhi wa baadaye nafasi ya kuujua uzito wa upande ulioshindwa, na siku moja upande huo unaweza kuonekana ndio uliokuwa sahihi.

Msanii anaweza pia kukataa kuhifadhiwa. Zoe Leonard alitengeneza kazi iitwayo Strange Fruit kati ya mwaka 1992 na 1997, kwa kushona upya maganda ya matunda kama vile machungwa na ndizi kwa uzi, zipu na vifungo, na kazi hiyo imo katika makusanyo ya Philadelphia Museum of Art. Kabla ya hapo alikuwa ameshirikiana na mhifadhi Christian Scheidemann, ambaye alitafuta kwa bidii njia ya kuyazuia maganda yasiendelee kuoza, na njia ikapatikana. Msanii alipoyaona matokeo alitambua kwamba kuoza ndiko alikokuwa akikutaka. Juhudi za mhifadhi hazikupotea, kwani bila njia hiyo uamuzi wa kuacha yaoze ungekuwa ni kukosa la kufanya tu. Ulipofanywa mbele ya uwezekano halisi, ulikuwa chaguo. Huwa nawaambia wenzangu wa maabara wasione uchungu kazi yao inapoishia katika neno "hapana" lililosemwa kwa ufahamu kamili.

Mazungumzo na wasanii yamekuwa sehemu rasmi ya kazi yetu kwa sababu kuna watu waliong'ang'ania yawe hivyo. Mhifadhi Carol Mancusi-Ungaro alianza mwaka 1990, katika jumba la sanaa la Menil Collection mjini Houston, kuwarekodi wasanii kwa video wakiwa wamesimama mbele ya kazi zao, huku mhifadhi akiwauliza kuhusu nyenzo, uzee na mabadiliko. Nchini Uholanzi wahifadhi, waratibu na wanasayansi walichukua kazi chache zenye matatizo magumu na kuzichunguza kwa pamoja, kisha wakaleta matokeo yao katika kongamano la Amsterdam la mwaka 1997, ambako wataalamu wa nchi nyingi walitambua kwamba kila mmoja alikuwa akipambana na tatizo lilelile akiwa amejifungia chumbani kwake. Mtandao wa kimataifa wa uhifadhi wa sanaa ya kisasa, INCCA, ulioanzishwa mwaka 1999, ulitokana na utambuzi huo, na lengo lake lilikuwa kubadilishana kile ambacho hakijachapishwa popote: mahojiano, barua, ripoti, na taarifa za matibabu yaliyokwenda vibaya.

Katika mahojiano niliyoshiriki nimeona kwamba mpangilio wa chumba hubadilisha majibu. Msanii akihojiwa na mratibu peke yake, huzungumza juu ya maana na historia. Akihojiwa na mhifadhi peke yake, huzungumza juu ya gundi. Wakikaa wote wawili, pamoja na fundi atakayelazimika kuisimika kazi hiyo wakati msanii hayupo, maswali huanza kugongana kwa faida. Fundi huuliza mambo ambayo sisi wengine tunayaona madogo, kama vile umbali wa projekta kutoka ukutani, au ikiwa waya zifichwe au zionekane, na mara nyingi swali la waya hufungua mlango wa kuelewa kazi kuliko saa nzima ya falsafa. Nimeona pia umuhimu wa kuwa mbele ya kazi yenyewe. Msanii anayekumbuka kazi yake kutoka nyumbani hukumbuka nia yake. Anapoitazama huiona hali yake, na kati ya mambo hayo mawili ndipo yanapokaa maamuzi yetu.

Tena mahojiano hayapaswi kufanywa mara moja na kufungiwa kabatini. Wasanii hubadilika. Mmoja aliyesisitiza akiwa kijana kwamba kazi yake ife na vifaa vyake alituambia baadaye kwamba sehemu zote zibadilishwe, kwa kuwa kilichobaki kwake ni wazo. Hapo makumbusho yalikuwa na matamko mawili ya msanii mmoja, yote ya kweli, na hapakuwa na sheria ya kutuambia lipi lifuatwe. Mwanasheria alitukumbusha yaliyomo katika mkataba wa ununuzi, mratibu alieleza jinsi kazi hiyo ilivyopokelewa katika wakati wake, na sisi wahifadhi tulieleza kilichowezekana kiufundi. Siamini kwamba kauli ya msanii hufunga mjadala, wala siamini kwamba makumbusho yana haki ya kuipuuza. Naamini inapaswa kuwekwa mezani pamoja na tarehe yake.

Katika kazi za teknolojia utaalamu wa mhifadhi huisha mapema, na ndiko nilikojifunza kuwaheshimu mafundi kwa namna ambayo shule haikunifundisha. Kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, wakati makumbusho mengi yalikuwa na kazi zilizotegemea mashine hizo, mlio wa slaidi ikidondoka, na giza fupi kati ya picha moja na nyingine. Fundi mmoja wa sauti na picha niliyefanya naye kazi alikuwa akiisikiliza projekta kama tabibu anavyosikiliza kifua, na alijua kabla ya kipimo chochote kwamba mkanda wa ndani unakaribia kukatika. Tulipofikiria kuhamishia slaidi kwenye faili za kidijitali, yeye ndiye aliyeuliza giza lile fupi litadumu kwa muda gani katika toleo jipya. Hakuna aliyekuwa amelipima. Tulilipima, katika mashine zote zilizokuwa zimebaki, na tukagundua kwamba halikuwa sawa katika mashine mbili zozote; basi ikabidi kumuuliza msanii ikiwa tofauti hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Mfano mkubwa zaidi wa aina hiyo ninaoujua ni mnara wa Nam June Paik uitwao The More, the Better, uliojengwa mwaka 1988 katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa la Korea Kusini huko Gwacheon. Una runinga 1,003 za chogo, na mwaka 2018 ulizimwa kwa sababu za usalama, wakati runinga za aina hiyo zilikuwa hazitengenezwi tena. Wangeweza kuweka skrini bapa kila mahali na kumaliza haraka. Badala yake walishauriana na wataalamu wa ndani na nje ya nchi, wakaamua kulinda umbo la awali kadiri ilivyowezekana, na mnara ulipowashwa tena mwaka 2022 runinga 737 zilikuwa zimekarabatiwa au kubadilishwa kwa nyingine za chogo zilizotumika, ilhali 266 ndogo za juu zilikuwa zimepewa skrini bapa. Idadi hizo hunivutia kwa sababu zinaonyesha maelewano ya kweli: hakuna nadharia moja iliyoshinda, bali kila tabaka la mnara lilipata jibu lililolingana na uwezekano wake.

Kwa kazi za kompyuta washirika huwa ni waandishi wa programu. Brandon, kazi ya msanii Shu Lea Cheang iliyoagizwa na jumba la sanaa la Guggenheim la New York na kufanyika kwenye mtandao mwaka 1998 na 1999, ilikuwa imeacha kufanya kazi ipasavyo kwa sababu vivinjari vya kisasa havikuweza tena kuendesha baadhi ya sehemu zake. Kati ya mwaka 2016 na 2017 wahifadhi wa jumba hilo na idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha New York waliipitia misimbo yake ya takriban mistari 65,000, wakaandika upya sehemu zilizokufa kwa lugha za kisasa, lakini msimbo wa awali hawakuufuta. Waliuacha mahali pake ukiwa umenyamazishwa, pamoja na maelezo ya kila badiliko. Mwandishi wa programu aliyezoea kazi ya biashara angeona kuacha msimbo wa zamani ni uchafu. Mhifadhi aliyezoea michoro angeona kuandika msimbo mpya ni kughushi. Njia iliyopatikana isingefikiriwa na upande mmoja pekee, na tangu niliposoma kuihusu nimewataka waandishi wa programu tunaoshirikiana nao waandike sababu ya kila mstari wanaobadilisha.

Msaada mwingine hutoka mahali ambapo mtu wa sanaa hatarajii. Mwezi Oktoba 2012 mtu mmoja aliandika kwa wino juu ya mchoro wa Mark Rothko, Black on Maroon wa mwaka 1958, katika Tate Modern mjini London. Wino ulipenya tabaka nyembamba za rangi ambazo Rothko alizichanganya kwa mafuta, utomvu, yai na nyenzo za viwandani, kila moja ikiwa na kiyeyushi kinachoweza kuiharibu. Wahifadhi walishirikiana na wanakemia, wakiwamo wa kampuni ya Dow, kutafuta kiyeyushi ambacho kingeutoa wino na kuiacha rangi. Walitengeneza mchoro wa majaribio wenye tabaka zinazofanana, wakauchafua kwa wino wa aina ileile, na familia ya Rothko ikawapa kitambaa ambacho mchoraji mwenyewe alikuwa amekipaka rangi ya kutangulia. Kazi yote ilichukua miezi 18, na mchoro ukarudi ukutani mwezi Mei 2014. Kilichonigusa zaidi ni kwamba takriban nusu ya muda huo ilitumika kabla mtu yeyote hajaugusa mchoro wenyewe. Uvumilivu huo haukuwa wa wahifadhi pekee. Uongozi wa makumbusho ulikubali ukuta ukae bila mchoro, na kiwanda kilikubali kutumia wataalamu wake kwa kazi isiyo na soko.

Zipo kazi ambazo zimeifikisha hoja hii mwisho wake. Tino Sehgal hutengeneza hali zinazoigizwa na watu, naye haruhusu maelekezo ya maandishi, picha wala mkataba wa karatasi. Mauzo hufanywa kwa mdomo mbele ya mashahidi. Tate ilinunua This is propaganda kwa njia hiyo mwaka 2005. Kazi ya namna hii hukaa katika kumbukumbu za wafanyakazi, na hapo kustaafu kwa mtu mmoja kunakuwa suala la uhifadhi sawa na kupanda kwa unyevu ghalani. Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa kuwa nimeona taasisi zikinunua vifaa vya bei kubwa vya kudhibiti hewa huku zikiwaajiri mafundi kwa mikataba ya miezi michache, na mikataba hiyo ikiisha, ujuzi wa jinsi ya kusimika kazi fulani huondoka mlangoni bila kusajiliwa. Wanaopanga bajeti wanapaswa kuelewa kwamba mtu aliyesimika kazi mara nyingi ni sehemu ya nyaraka zake.

Kuhusu makumbusho kushirikiana yenyewe kwa yenyewe, naweza kusema kwa kifupi kwamba nyaraka za pamoja zimenisaidia kuliko makongamano. Mwongozo wa Matters in Media Art, ulioandaliwa na majumba ya sanaa ya MoMA la New York, SFMOMA la San Francisco na Tate la Uingereza, pamoja na taasisi ya New Art Trust, katika miaka ya mwanzo ya 2000, ulinipa orodha ya maswali ya kuuliza kabla kazi ya video haijanunuliwa, na kabla ya kununua ndio wakati ambao msanii na muuzaji wana kila sababu ya kujibu. Baada ya malipo, majibu huchelewa. Kinachobaki kuwa kigumu ni kuambiana yaliyoshindikana. Taasisi huogopa wafadhili, waratibu huogopa thamani ya makusanyo kushuka, na wahifadhi huogopa majina yao kuharibika. Mara kadhaa nimepata kwa simu, kutoka kwa mwenzangu wa jumba jingine, onyo ambalo halikuwamo katika ripoti yoyote aliyowahi kuichapisha, na onyo hilo likaokoa kazi yetu.

Suala lililopo mezani kwetu sasa ni taa za tyubu. Dan Flavin alianza mwaka 1963 kutengeneza sanaa kwa tyubu pekee, zile za kawaida zilizouzwa madukani, na wasanii wengi walimfuata. Tyubu hizo zina zebaki, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki walikubaliana mwaka 2023, katika mkutano wa Geneva, kwamba utengenezaji wake, pamoja na kuziingiza nchini na kuziuza nje, vikome kufikia mwaka 2027. Kwa afya ya watu ni uamuzi mwema na sina neno dhidi yake. Ila kazi iliyojengwa juu ya dhana kwamba taa inayoungua hubadilishwa kwa nyingine ya dukani itabaki bila duka.

Katika makusanyo yetu ipo kazi ya aina hiyo, ambayo msanii wake amefariki. Fundi umeme ametuletea taa za LED zenye umbo la tyubu, na tumeziwasha kando ya zile za zamani mara nyingi, kwa kipimo cha rangi na kwa macho. Nyeupe inakaribiana sana. Ya waridi bado haikubaliki, kwani mwanga wa tyubu huenea ukutani kwa ulaini ambao LED haijaufikia. Mratibu anashikilia kwamba msanii alichagua tyubu kwa sababu ilikuwa kitu cha kawaida, na kwamba leo kitu cha kawaida ni LED. Kwake, kuzitafuta tyubu adimu kwa bei ya juu na kuzificha ghalani ni kukigeuza kifaa cha duka kuwa hazina, jambo ambalo msanii hakulitaka. Mimi naona kwamba ubora wa mwanga ule ndio ulioifanya kazi iwe ilivyo, na kwamba tukiubadilisha mapema tutakuwa tumewafundisha watazamaji kuona kitu kingine kwa jina lilelile. Familia ya msanii inaegemea upande wangu kwa sasa, lakini imetuambia wazi kwamba inasubiri kuona matokeo ya majaribio ya rangi ya waridi.

Wakati tukisubiri, tumekubaliana na makumbusho mengine mawili yenye kazi za msanii huyo kuhesabu akiba zetu zote kwa pamoja, kuzipanga kwa rangi na urefu, na kuazimana tyubu badala ya kushindana kuzinunua. Fundi umeme wetu ndiye aliyependekezwa kuishika orodha hiyo, na mratibu ameomba jina lake liwekwe katika jalada la kazi kama mtu wa kuulizwa kwanza.